Ravenna: nimeiona kasula ya karne ya 6

Nimetoka Bologna, Italia, asubuhi na treni ya kawaida, saa moja na ushee upo Ravenna, mji mdogo umetulia watu wanapita na baiskeli, ukishuka stesheni unatembea tu kwa miguu mpaka kanisa la San Vitale. Kwa nje ni matofali matupu. Ndani aisee, ukuta mzima unawaka!

Mi nilikuwa na langu. Mama yangu ni fundi cherehani, kashona kasula, lile vazi la juu la misa, za mapadre wa parokia yetu toka niko mdogo, na nilishasikia humu kuna askofu kavaa kasula kwenye mozaiki, picha ya ukutani ya vipande vidogo vya rangi. Nikasogea mpaka karibu na altare, kushoto, huyo hapo, Maximianus, jina limeandikwa juu ya kichwa. Ndiye aliyelitabaruku kanisa mwaka 547. Ana kipara, uso umekonda, kashika msalaba wa vito. Kaisari Justinian yuko pembeni yake na joho la zambarau, upande wa pili mashemasi wawili, mmoja kabeba Injili mwingine chetezo.

Nikaiangalia hiyo kasula kama fundi. Rangi ya dhahabu iliyofifia, pana, inashuka mpaka chini ya magoti, na pale alipoinua mkono wa kulia kitambaa kimejikunja juu ya mkono, yaani hivyo vipande vidogo vidogo vimepangwa mpaka unaona mikunjo. Ndani dalmatiki, kanzu ya mikono mipana, nyeupe ya mistari myeusi, mabegani palio, ule ukanda wa kuzunguka mabega, jeupe lenye msalaba, hilohilo wanalovaa maaskofu wakuu wetu leo.

Na kumbe kasula haikuanzia altareni, lilikuwa koti la safari la Warumi, la mvua na baridi, jina lenyewe kwa Kilatini ni kijumba maana linakufunika lote. Dalmatiki nayo nguo ya watu wa Dalmatia, ng'ambo tu ya bahari hapo. Watu mitaani wakahamia nguo fupi na suruali, kanisani wakabaki nazo. Mi nilidhani zilibuniwa kwa ajili ya misa, roho yangu imefurahi sana kujua zilikuwa nguo za mtu anayetembea barabarani.

Nikamtumia mama picha, shikamoo mama, ona hii. Akanijibu kwa voisi: "Marahaba mwanangu. Hiyo imekatwa nusu duara ikaungwa mbele, kitambaa kingi hicho. Hebu nipigie pindo kwa karibu."

Nikarudi ndani.