Jinsi Ninavyobashiri Bingwa wa Besiboli ya Marekani

Tangu nihamie Seattle, kila ifikapo Machi wenzangu kazini huulizana timu gani itatwaa ubingwa wa besiboli msimu huu. Sisi tuliolelewa na soka tuna haraka ya kutaja timu moja yenye nguvu, kwa kuwa katika ligi tulizozizoea bingwa ni yule aliyekusanya pointi nyingi kuliko wengine. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Timu 30, zilizogawanywa katika ligi mbili, American League na National League, hucheza mechi 162 kila moja, kisha 12 kati yao huingia katika mtoano wa Oktoba, na mavuno ya miezi sita hayamhakikishii mtu kombe. Kwa sababu hiyo sibashiri kwa kutaja jina moja. Nazigawia timu zote asilimia 100, kila moja kwa kadiri ya nafasi yake, na hapa naeleza ninavyozigawa.

Historia ya mji ninaoishi ilinifunza jambo hili mapema. Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda mechi 116 za msimu wa kawaida, kisha wakatolewa na New York Yankees katika fainali ya American League. Mwaka 2006 St. Louis Cardinals walitwaa ubingwa wakiwa na ushindi 83 tu, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, waliokuwa na ushindi 111, waliondolewa mapema na San Diego Padres.

Hesabu inayoeleza matokeo hayo ni fupi. Katika besiboli timu nzuri haiizidi nyingine nzuri kwa umbali mkubwa. Tuseme ina uwezekano wa asilimia 55 katika kila mechi. Katika hatua inayohitaji ushindi wa mechi 3 kati ya 5, uwezekano wake wa kuvuka ni asilimia 59 hivi, na katika zile za ushindi wa mechi 4 kati ya 7 ni asilimia 61 hivi. Timu mbili za juu za kila ligi husamehewa raundi ya kwanza, kwa hiyo zina hatua tatu za kuvuka, na ukizizidisha nafasi hizo unapata takriban asilimia 22. Timu yenye uwezo uleule inayolazimika kuanzia raundi ya kwanza, ya ushindi wa mechi 2 kati ya 3, hushuka hadi karibu asilimia 13. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo maana Septemba nafuatilia zaidi nani atasamehewa raundi hiyo kuliko nani anaongoza kwa sifa magazetini.

Ili kujua timu ina nguvu kiasi gani, siridhiki na idadi ya ushindi peke yake. Natazama mikimbio, yaani alama anazopata mchezaji akizunguka vituo vyote na kurudi alikoanzia. Mtaalamu wa takwimu Bill James alibuni kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kikokotoo: mikimbio iliyofungwa unaizidisha yenyewe kwa yenyewe, vivyo hivyo ile iliyoruhusiwa, kisha unagawanya zao la kwanza kwa jumla ya mazao yote mawili, na jibu ni sehemu ya mechi zake ambayo timu ilistahili kushinda. Mwaka 2023 Texas Rangers walishinda mechi 90, lakini walikuwa wamefunga mikimbio 881 na kuruhusu 716, na kwa kanuni hiyo walistahili kati ya ushindi 97 na 98. Walimaliza wakiwa mabingwa. Hata hivyo, wapinzani wao katika World Series, yaani fainali kuu kati ya mabingwa wa ligi hizo mbili, Arizona Diamondbacks, walikuwa wameruhusu mikimbio mingi kuliko waliyoifunga, jambo linalonikumbusha kila msimu kwamba hata timu dhaifu iliyofuzu inastahili kupewa asilimia kadhaa.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Katika msimu wa kawaida timu huzungusha warushaji watano au zaidi wa kuanza mechi, lakini Oktoba, kwa sababu ya siku za mapumziko, watatu au wanne wanatosha. Kwa hiyo nauliza nani yuko mzima sasa, wala si nani alicheza Mei. Dodgers wa 2025 ni mfano wazi. Walikuwa na ushindi 93, pungufu ya Milwaukee Brewers waliokuwa na 97, na walilazimika kuanzia raundi ya kwanza. Lakini Blake Snell na Tyler Glasnow walikuwa wamerejea kutoka kwenye majeraha, Shohei Ohtani alikuwa anarusha tena, na Yoshinobu Yamamoto alikuwa katika ubora wake. Kwa sababu hiyo niliwapandisha juu ya kiwango ambacho ushindi wao ulionyesha. Walipokutana na Brewers waliruhusu mikimbio minne tu katika mechi nne, kisha wakawashinda Toronto Blue Jays kwa mechi 4 dhidi ya 3.

Lililo gumu zaidi kwangu ni mapenzi. Naipenda Mariners kwa moyo wote, na ndiyo timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kucheza World Series. Ili upendo huo usiharibu hesabu, naandika takwimu za timu zote chini ya herufi badala ya majina, nagawa asilimia, kisha ndipo narudisha majina. Oktoba 2025 Mariners waliongoza kwa mechi 3 dhidi ya 2 mbele ya Blue Jays, zikiwa zimebaki mbili mjini Toronto. Niliwapa asilimia 48 katika kila mechi ya ugenini, kwa hiyo asilimia 73 za kuvuka. George Springer wa Blue Jays akapiga mpira nje ya uzio katika mechi ya saba, na ile asilimia 27 ikatimia. Niliumia sana, lakini nimetazama upya hesabu ile na bado naiona ya haki.

Ubashiri wa Machi naurudia mwishoni mwa Julai, muda wa kubadilishana wachezaji unapofungwa. Mwaka 2021 Atlanta Braves walimpoteza Ronald Acuña Jr. kwa jeraha la goti, wakaleta wapigaji wapya kadhaa, wakiwemo Eddie Rosario na Jorge Soler, wakatwaa ubingwa wakiwa na ushindi 88. Rosario alichaguliwa mchezaji bora wa fainali ya National League, na Soler wa World Series. Machi hakuna aliyeweza kuliandika hilo kwenye karatasi, ndiyo maana mwezi huo siipi timu yoyote zaidi ya robo.