Siku Baba Alipoisoma Hati Yangu ya Mshahara

Mwaka 2019 karibu kila daktari mpya niliyefanya naye kazi hapa Dodoma alikuwa na fomu ya mkopo kwenye mkoba. Serikali ilishahamia, viwanja vya Nala, Ihumwa na Iyumbu vilipanda bei kila ukiuliza, na maafisa mikopo wa benki walitufuata mpaka mlangoni mwa wodi, kwa adabu zote, wakisubiri tumalize raundi.

"Dokta, theluthi yako inaruhusu," ndivyo walivyoanza.

Mtumishi wa umma anayajua maneno hayo. Mshahara haukatwi mpaka ukabaki na chini ya theluthi moja ya ule wa msingi, kwa hiyo benki hutazama kilichobaki juu ya theluthi baada ya makato ya lazima, na hapo ndipo mkopo wako ulipo. Wangu uliruhusu makato ya shilingi 312,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 17 na marejesho ya miaka sita, ningepata kama milioni 14. Toyota IST nzuri ingepatikana, na ya mafuta ingebaki. Fomu niliijaza, sahihi sikuweka. Nilitaka kwanza nizungumze na baba.

Naye alikuja Jumamosi, kwa basi la Mpwapwa linalopitia Kongwa na Mbande, na kiroba cha karanga begani. Aliwasalimu wapangaji wenzangu uani, "Mbukwenyi," mmoja mmoja akawauliza habari za kwao, ndipo akaingia ndani. Nikampa shikamoo yake na maji ya kunywa. Alipomaliza kunywa alitoa daftari mfukoni mwa koti.

Kumbe walikaa kikao nyumbani. Daftari lilikuwa na mambo yote waliyoyajadili, kwa mwandiko wake ule wa herufi zilizosimama wima: bati geji 30 za nyumba ya wazazi, ada ya chuo ya mdogo wangu, laki tano za harusi ya mtoto wa baba mdogo, pampu ya kumwagilia bustani ya bondeni. Pembeni, alikoandika nani atalipa, kila mstari ulikuwa na neno moja. Dokta. Dokta. Dokta. Dokta.

Sikukasirika, na mpaka leo siwalaumu. Kijijini kwetu mtu akishaitwa daktari, watu huona koti jeupe, huona anavyoamkiwa na wakubwa, basi wanamaliza hesabu palepale. Nani amewahi kuwaambia vinginevyo? Wenzangu wengi mshahara wao ni siri hata kwa mama mzazi. Ndugu wanaomba kwa kukisia, daktari anatoa kwa aibu, na mwisho wa mwezi anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu wanaokaa na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Nimemwona mwenzangu mwenye shahada ya udaktari akiomba nauli ya bodaboda siku mbili baada ya mshahara kuingia. Iliniuma sana.

Nikafungua kabati, nikamwekea baba hati ya mshahara mezani.

Alivaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mshahara wa msingi: 1,480,000. Akaniangalia, akatabasamu, akarudi kwenye karatasi. Kodi ya mapato, 303,900. Hapo tabasamu lilipungua. PSSSF, 74,000. Nikamweleza kuwa ni mfuko wa pensheni, mimi nakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 15, akasema hiyo ni akiba, haina neno. Bima ya afya, 44,400. Hiyo aliifahamu, kwa sababu hata macho alipimwa kwa bima hiyo. Chama cha wafanyakazi, 29,600. Kidole kikasimama kwenye 222,000.

"Bodi ndiyo nani?"

"Bodi ya Mikopo, baba. Ndiyo iliyonisomesha chuo."

"Si serikali iliyokusomesha?"

"Ilinikopesha. Sasa narudisha, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi."

Alivua miwani. Miaka mitano yote ya chuo alikuwa akisimama kanisani kumshukuru Mungu kwamba binti yake amesomeshwa bure, na mimi sikuwahi kujua kwamba ndivyo alivyoelewa. Akauliza deni limebaki kiasi gani. Nikamwambia limepita milioni 20, na kwamba kila mwaka linaongezwa asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Alipiga hesabu mwenyewe kwenye daftari. Kwa mwaka nakatwa 2,664,000, na kwenye hizo zaidi ya milioni 1.2 zinamezwa na tozo kabla deni lenyewe halijaguswa. Alirudia kuipiga, akidhani amekosea. (Tozo hiyo Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021, na mtu wa kwanza niliyempigia simu siku hiyo ni baba.)

Kilichobaki mkononi kilikuwa 806,100.

Baba amelima karanga maisha yake yote. Alinyamaza kidogo, akavuta kile kiroba alichokuja nacho, akasema, "Kumbe sisi nyumbani tulikuwa tunagawana gunia pamoja na maganda. Hatujabangua bado."

Kisha akaiona fomu ya benki. Nilimweleza kila kitu, na nikakiri kwamba gari nalitaka, kwa sababu zamu za usiku zinaisha saa ambazo kwa mwanamke kusimama barabarani si salama. Hilo alilisikiliza kwa makini. Halafu akazidisha 312,000 kwa miezi 72, kwa njia ndefu ya shule ya msingi, akibeba namba juu ya namba. Ikatoka 22,464,000.

"Wao wanakupa 14?"

"Ndiyo."

"Na wewe unabaki na ngapi kwa mwezi?"

"494,100."

"Ukilipa kodi ya nyumba, ukala, mdogo wako anasoma kwa nini?"

Tulikaa pale mpaka jioni. Tulianza na kodi, kwa sababu mwenye nyumba wangu hapokei ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita kwa mpigo, kwa hiyo kila mwezi lazima kuna fungu la kuwekwa kando. Chakula na nauli vikafuata, pamoja na bodaboda mmoja anayefahamika wa kunichukua usiku, ambaye baba alisisitiza aongee naye mwenyewe. Ada ya mdogo wangu ikawa 150,000 kwa mwezi, niitume chuoni moja kwa moja. Wazazi 50,000. Laki moja niliamua iende Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako ukipata dharura unatoa pesa zako bila kumbembeleza mtu, na kiasi kingine SACCOS ya kazini. Posho ya zamu hatukuihesabu kabisa, kwa kuwa tarehe yake haina uhakika. Bati zikasogezwa mpaka baada ya mavuno, nusu zinunuliwe kwa alizeti ya baba. Pampu aliikata yeye mwenyewe kwa mstari mmoja wa kalamu, na nikaona ilimgharimu.

Asubuhi yake akaniomba ile hati aende nayo Mpwapwa. Hapo nilisita. Sikutaka karatasi yenye namba zangu zote ipite mikono ya ukoo mzima. "Basi nisomee niandike," akasema, "maana mimi ndiye nitakayeulizwa." Nikamsomea kila mstari, na yeye akaandika, ukurasa unaofuata ule wenye neno Dokta.

Kikao walikaa tena. Mama aliniambia palikuwa na kelele, na shangazi mmoja alidai nimemdanganya mzee. Baba alisoma makato mwanzo hadi mwisho, akaanza upya kwa waliochelewa kufika.

Wiki iliyofuata baba mdogo alinipigia nikiwa natoka zamu. Alinisalimu, akauliza habari za kazi, akauliza na deni la Bodi kama linapungua. Kisha akasema, "Dokta, kwenye harusi tumekuandikia elfu hamsini. Utaweza?"

Nikamwambia nitaweza, na nikamtumia kwa simu mshahara ulipotoka.