Nimemwambia mkwe mikono yake haitoshi

Alhamisi, saa nne usiku. Bosi, mwanangu, kalala, mama yake kalala, mimi nimekaa sebuleni na maneno mawili.

Mikono haitoshi.

Niliyatamka Jumatatu asubuhi uani kwa wakwe, Nkuhungu hapa Dodoma, mlango wa Noah ukiwa wazi na shemeji keshashika usukani. Niliyemwambia ni mama mkwe. Mnaonisoma tangu enzi za mahari mnajua tunavyoishi mimi na mama: shikamoo nikiwa nimeangalia chini, marahaba baba, basi. Miaka mitano sijawahi kumpinga hata kwenye chumvi ya mlenda.

Yeye ndiye anayekaa na Bosi siku za kazi, mama yake akiwa ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, na mimi gereji. Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Nilifika na kiti cha mtoto cha kufunga kwenye gari nikamkuta ameshapanda siti ya nyuma, Bosi kampakata, kamvisha sweta na kumzungushia blanketi kwa ajili ya huu upepo wetu. Akakiangalia kile kiti, akaniangalia mimi, akauliza taratibu kabisa: "Baba Bosi, watoto sita nimewabeba kwa mikono hii. Nilimwangusha yupi?"

"Hakuna, mama. Ila mikono haitoshi."

"Haya."

Akashuka, akanipisha nifunge kiti. Shemeji anasema hakuongeza neno hadi wanarudi.

Tangu hapo gereji imehama, injini ya yule mteja wa Fuso imefunguliwa mara ya pili na shemeji amepeleka barua ya posa, lakini mimi ninachokisikia ni ile "haya". Kuna haya ya kukubali, kuna haya ya yaishe, kuna haya ya tutaonana mbele. Na kuna haya yenyewe, ile ambayo mtu anapaswa kuwa nayo mbele ya mkwe, na mimi Jumatatu sikuwa nayo.

Nilichopaswa kumpa ni hesabu ya magunia. Mama analima, gunia analijua. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mtaani, likagonga, na aliyemo ndani akasimamishwa ndani ya nusu mita, nguvu inayomchomoa kwenda mbele inafika kama mara 20 ya uzito wake. Kadi ya kliniki inasema Bosi ana kilo 8. Mara 20 ni 160. Hilo ni gunia zima la mahindi na zaidi ya nusu ya jingine, linakuponyoka kabla hujamaliza kupepesa macho. Hakuna mikono ya kulizuia, ya mama wala ya fundi anayenyanyua giaboksi. Kumpakata halafu mkajifunga mkanda mmoja ndiyo kabisa, maana mwili wa mtu mzima unakuja wote kumbana mtoto kwenye mkanda. Mbeleko ni hivyohivyo: ukiwa naye mgongoni unamlalia wewe, ukiwa naye kifuani unamponda wewe.

"Mama, nani anadaka gunia?" Ningesema hivyo, angecheka. Sentensi hiyo nimeipata Jumanne saa tisa usiku, haina kazi tena.

Ila nikijikagua vizuri, kosa lilianza miezi saba iliyopita, siku niliyonunua kiti cha kwanza. Nilikichagua kwa macho ya fundi: kizito, kinazunguka, kinanasa kwenye vile vyuma viwili vya ISOFIX vilivyojificha kati ya mgongo na makalio ya siti. Kizuri kweli. Kimefungwa kwenye gari letu, na gari letu linashinda Mtumba kwenye maegesho ya ofisi. Bosi anashinda Nkuhungu, anapanda Noah ya babu yake ambayo haina vyuma hivyo, na Alhamisi anapanda Passo ya jirani. Yaani nilimnunulia mtoto kiti kikakaa kwenye gari asilopanda mchana.

Mtoto anayelelewa na wengine anachaguliwa kiti kwa kuangalia gari kuukuu kuliko yote atakayopanda, na mikono dhaifu kuliko yote itakayomfunga. Kwetu gari hilo ni Noah, na mikono hiyo, samahani mama, ni ya mama. Vidole gumba vyake vinauma asubuhi.

Kwa hiyo cha pili, hiki cha Jumatatu, ni kile chepesi cha kubebeka chenye mpini, cha mtoto kuangalia nyuma, kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari bila kuhitaji kitako cha kubaki kwenye siti. Kabla ya kulipa nilikwenda nacho kwenye Noah yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapopatia hasara. Mkanda wa gari la zamani unaweza kuwa mfupi: unauzungusha kiti chote halafu unakosa sentimita nne kufika kwenye loki. Usitafute kipande cha kuungia, tafuta kiti kingine. Siti ya katikati ya Noah yetu ina mkanda wa kiunoni tu, na kiti hiki kinataka mkanda wa pointi tatu, yaani wa kiunoni na begani, hivyo kinakaa pembeni, upande wa kushotoni ili mama asisimame barabarani akimtoa mtoto. Angalia pia loki ya gari inalala wapi. Ikilalia ukingo wa plastiki wa kiti inapindwa, na ikipindwa kwenye ajali inaweza kuachia.

Lebo nayo ni ya kusoma. Ile ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara ndiyo ya kanuni za Umoja wa Mataifa. Ikiandikwa R44, kiti kinapimwa kwa kilo, na hiki kidogo mwisho wake ni kilo 13. Ikiandikwa R129, kinapimwa kwa urefu wa mtoto, na kanuni hiyo inamtaka mtoto aangalie nyuma walau mpaka miezi 15. Viti vya Marekani havina lebo hiyo, vinaandikwa FMVSS 213. Kiti kisicho na lebo yoyote ni kochi dogo.

Vya mtumba sivikatai (mtumba wa bidhaa, si Mtumba ya serikali), ila kigeuze chali usome tarehe iliyochongwa kwenye plastiki. Watengenezaji wengi wanatoa kati ya miaka 6 na 10, na plastiki iliyoshinda kwenye jua haidanganyi: ina mistari myeupe kwenye kona. Kama muuzaji hajui kiti kilitoka kwenye gari lililofanya nini, mwachie. Ufa wa ndani hauonekani.

Halafu kuna kilichonifanya nichague hiki na si kile cha jirani yake: rangi. Njia za mkanda kwa kiti cha kuangalia nyuma zinawekwa alama ya bluu, za kuangalia mbele nyekundu. Kijitabu chetu kilikuwa cha Kijerumani, lakini bluu ni bluu hata kwa asiyevaa miwani. Kipande cha kiunoni kinapita juu ya mapaja ya mtoto ndani ya ndoano mbili za bluu, kipande cha begani kinazunguka nyuma ya mgongo wa kiti kwenye ndoano ya tatu. Bonyeza kiti chini kwa kiganja huku ukivuta mkanda. Ukimaliza, shika pale mkanda unapopita, tikisa. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Usitikise kule juu kwenye kichwa, kule kitacheza tu na utajipa presha bure.

Bluu hiyo ilipuuzwa Jumatatu na mtu mmoja, naye ni shemeji dereva. Walipokuwa wanarudi kutoka kliniki alikifunga upya, akapitisha mkanda wa begani mbele pamoja na wa kiunoni. Kiti kilikuwa kinayumba kama mtungi juu ya kichwa cha mgeni.

Ya kufunga mtoto mwenyewe ni machache, lakini ndiyo yanayoharibika kila siku. Akiangalia nyuma, mikanda ya mabegani inatokea usawa wa mabega au chini yake kidogo, si juu. Isiwe imejikunja. Kaza, kisha jaribu kuubana mkanda wa begani kwa vidole viwili kama unayebana mkunjo wa nguo. Ukibanika, umelegea. Sweta nene na blanketi havikai chini ya mkanda, kwa sababu unene wote huo unasinyaa kwenye mgongano na mtoto anabaki na nafasi ya kuchomoka. Mfunge kwanza, blanketi lije juu. Kidevu kisiangukie kifuani, maana njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba na ikijikunja inajiziba bila kelele. Kiti kina mstari ubavuni unaotakiwa kulala sambamba na ardhi, na uwanja wa wakwe una mteremko, kwa hiyo mstari huo unapimwa gari likiwa barabarani. Mito ya urembo inayouzwa pembeni haikupimwa na kiti, haina nafasi. Na mkifika, mtoto atolewe hata kama kalala. Kiti cha gari hakina kazi ya kuwa kitanda cha mchana barazani.

Mbele, kwenye siti yenye eabegi, usimweke kabisa mtoto anayeangalia nyuma. Magari yetu yametoka Japani na onyo lililoko kwenye kizuia jua limeandikwa Kijapani, lakini herufi SRS kwenye deshibodi, alama ya eabegi, zinasomeka. Eabegi ikifumuka inapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko palepale.

Mama alikuwa na hoja mbili za haki nami nilizijibu vibaya zote. Ya kwanza, kitufe chekundu cha kufungulia mikanda ya mtoto ni kigumu. Si kibovu. Kanuni inataka kihitaji nguvu ya niutoni 40 hadi 80, sawa na kilo 4 hadi 8 za kubonyeza, ili mtoto asijifungue. Kwa gumba linalouma, weka gumba moja juu ya jingine. Na kisipakwe grisi wala oili, nasema hivi nikiwa fundi. Kinachokikwamisha ni uji wa lishe uliokauka ndani. Kimwagie maji ya uvuguvugu, kiache kikauke. Mikanda yenyewe ifutwe kwa kitambaa chenye maji tu, isilowekwe kwenye dawa ya madoa, inakula nyuzi. Ya pili, jua: gari likiegeshwa hapa Dodoma ule ulimi wa chuma unaunguza. Khanga ifunike kiti kikiwa kitupu, itolewe akiingia mtoto. Kumfunika yeye na khanga juu ya mpini ni kumpikia mvuke.

Bajaji sina jibu la kiufundi. Haina mkanda wa kufungia kiti, na kiti kisichofungwa ni mzigo mwingine wa kumwangukia mtoto. Nimeomba kliniki isubiri gari. Nimeomba, sikuagiza. Nilikuwa nimeshajifunza.

Sasa jana. Nilikuwa chini ya Fuso, mgongo kwenye boksi, simu ikaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji. Yeye alikuwa anaulizia pesa ya mafuta. Lakini nyuma ya sauti yake nilisikia sauti nyingine, kali: "Usiwashe! Mkanda umejikunja, huoni?" Kimya kidogo. Kisha ileile sauti, laini, kama inaongea na mtu wa siri: "Mume wangu, wamekufunga kama mbuzi wa mnada wa Msalato. Lete bega. Haubaniki? Haubaniki. Haya, twende."

Nimeusikiliza mara kumi na moja. Mama yake Bosi kahesabu. Haya ile ilikuwa ya aina nyingine kabisa, nyepesi, ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Shemeji ameniambia baadaye kwamba mama amefunga kiuzi cha bluu kwenye loki ya Noah inayohusika, kwa sababu siti ya nyuma ina loki tatu na vijana hawajui kuchagua. Hilo sikuwa nimelifikiria mimi wala waliotengeneza kiti.

Leo jioni nimepita kumchukua Bosi. Nikamsalimia kwa Kigogo: Mbukwenyi, mama. Akaitikia vizuri tu, akanikabidhi mtoto, akaniuliza habari za gereji mpya. Nilikuwa na gunia langu mdomoni, tayari. Nikashindwa. Nikasema nzuri.

Nikiwa natoka nimeona majani ya ule mzabibu wa babu karibu na tanki yana unga mweupe, na vichala ndio kwanza vinaanza kujaza. Salfa ya kuutibu yote imebaki kwenye stoo ya gereji ya zamani, na funguo za stoo nimeshazirudisha kwa mwenye nyumba.