"Ningemrudisha": nia ya wizi mbele ya hakimu

Mtu wa Shela, kisiwani Lamu, amkuta punda wa jirani amefungwa, amtwika mifuko ya mchanga bila ruhusa, jioni amrudisha palepale. Kosa lipo, lakini si wizi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ina kosa lake mbali kwa anayetumia mnyama wa kupanda, gari, baiskeli au chombo cha baharini cha mwenzake bila nia ya kuiba. Punda huyohuyo akivushwa hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kuuzwa, huo ni wizi wa mifugo, kifungu cha 278, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Kamba iliyofunguliwa ni ileile.

Wengi huishia hapo, wakaona neno "ningemrudisha" ni kinga. Kifungu cha 268 kinataja nia tano, na kumnyima mwenyewe mali yake kwa daima ni ya kwanza tu. Ukichukua mashini ya boti ya mtu ukaiweka rehani upate mkopo, hiyo ni nia ya wizi, hata ukikusudia kuikomboa mwezi ujao. Ukikusudia kuifungua gia uitie chombo kingine, ganda ulirudishe, ni vilevile: haitarudi katika hali uliyoikuta.

Fedha ndizo zinazoponza watu waliokuwa wakiaminiwa. Mweka hazina wa chama akichukua kwa hila shilingi 20,000 za wanachama Jumatatu, na mshahara wake waingia Ijumaa, sheria inasema kuzitumia apendavyo kwatosha, ajapokusudia kulipa. Kulipa huenda kukampunguzia adhabu, kosa halifutiki.

Nia haishikiki, basi mahakama huitafuta kwenye vitendo. Jina la mashua limepakwa rangi? Namba ya mashini imekwaruzwa? Aliulizwa akakana? Ndiyo maana namba ile iandike mapema, na risiti uitunze. Shahidi anayesema "naijua ni yangu" bila alama yoyote huulegeza upande wa mashtaka.

Na hili huwashangaza wengi: mashua yako mwenyewe waweza kuiiba. Fundi aliyeitengeneza, akiwa na haki ya kuizuia hadi alipwe, sheria humhesabu mwenye mali wa namna ya pekee. Ukiivuta usiku ili umkimbie na deni lake, waweza kushtakiwa. Ukiichukua kwa kuamini kwa dhati kwamba ulishammalizia malipo, hilo ni dai la haki, na wizi hauthibiti.