Raba yenye kona 28

Tulipokuwa darasa la tatu, raba mpya ilikuwa na hadhi ambayo haikudumu zaidi ya siku mbili. Aliyenunuliwa alikuja nayo asubuhi ikiwa ingali nyeupe, kingo zake zimesimama, ikinukia ule utamu wa plastiki ambao wengine wetu walishindwa kuustahimili wakaing'ata, na kabla ya mapumziko ya saa nne maombi yalikwisha kumfikia kutoka dawati la mbele hadi la nyuma. Walioomba hawakuwa watu wasio na raba. Tulikuwa nazo, ila zilikuwa zimekwisha kuviringika kama kokoto za mtoni, na raba iliyoviringika, ukitaka kufuta tarakimu moja katikati ya hesabu ya kugawanya kwa njia ndefu, hufuta na majirani wa tarakimu hiyo. Tulichokuwa tunaomba hasa ni kona. Mwenye raba alilijua hilo vizuri, ndiyo maana wengine walikukabidhi kwa sharti: "Futa, lakini kona usiguse."

Jambo hilo nilikuwa nimelisahau kwa miaka mingi hadi mdogo wangu, aliyekuwa akisoma Japani, aliporudi likizo na kuniletea bahasha ya vikorokoro vya mezani, kwa kuwa anajua udhaifu wangu. Mimi ni mhasibu, na katika ofisi yetu karatasi za kazi bado tunazijaza kwa penseli kabla ya kuingiza chochote kwenye kompyuta. Kwa hiyo kalamu, raba, rula na vibanio ni vitu ninavyovishika kutwa nzima, na nimekuwa nikivikusanya kama wengine wanavyokusanya khanga. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na kitu cheupe kilichojaa mapengo. Mwenzangu wa meza ya pili alikiangalia kwa muda, kisha akauliza kwa masikitiko ya kweli: "Dada, raba yako imegugunwa na panya?"

Raba ile inaitwa Kadokeshi. Katika Kijapani "kado" ni kona, na "keshi" linatokana na kufuta. Aliyeibuni ni Hideo Kambara, ambaye wazo lake lilishinda tuzo katika shindano la ubunifu la kampuni ya Kokuyo mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikaingia madukani. Kokuyo yenyewe ni kampuni ya Osaka iliyoanza mwaka 1905 kwa kutengeneza majalada ya vitabu vya hesabu, jambo ambalo kwangu mimi ni kama kugundua kwamba mtu uliyempenda tangu zamani kumbe ni jamaa yako. Umbo la raba ni rahisi kulieleza kwa mtu yeyote aliyewahi kucheza drafti. Chukua vyumba vya ubao wa drafti, kimoja kimejaa na cha pili kitupu, kisha uvifanye viwe na ghorofa, si juu ya ubao tu. Utapata vijimche 10 vilivyoshikana kwenye kingo zao, huku kila kimoja kikipakana na nafasi tupu yenye ukubwa uleule. Raba ya kawaida ina kona 8, ambazo mtoto huzimaliza kwa wiki moja. Hii ina kona 28. Jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, MoMA, limeiweka katika mkusanyiko wake, ingawa nadhani watoto wa darasa letu wangeitambua thamani yake kabla ya wataalamu wa jumba lolote.

Mwenzangu alicheka, na kucheka huko ndiko kulikonifanya nianze kuandika makala haya. Kitu kile kinachekesha, hilo halina ubishi. Lakini kichekesho chake hakikubandikwa juu ya raba. Kimetoka ndani ya shida ya raba yenyewe. Mtu alikaa akautazama mkono unaofuta, akaona kwamba unageuzageuza raba kutafuta kona iliyobaki, akajiuliza kwa nini kona zisiwe nyingi, na jibu la swali hilo, likifuatwa kwa uaminifu bila kuona haya, likatokea kuwa na sura ya kitu kilichogugunwa na panya. Vifaa vya mezani vyenye mzaha ni vingi sana siku hizi, na karibu vyote vinavyouzwa kama zawadi za watu wa ofisini vimefuata njia ya kinyume: wabunifu wameanza na sura ya kuchekesha, ndipo wakatafuta kazi ya kuitwisha.

Ninasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu nyumbani kwangu kuna konokono. Nilimnunua katika duka moja la steshenari mjini, ambalo sitalitaja, siku ya kulipwa mshahara, siku ambayo mtu hapaswi kuingia dukani. Alikuwa kifaa cha kuwekea selotepu: roli ya tepu ndiyo gamba lake, mkia una meno ya kukatia, na uso una tabasamu. Nilimweka mezani Jumatatu. Nilipovuta tepu ili nifunge bahasha, konokono naye akaja. Nilipovuta tena akateleza hadi ukingoni mwa meza, mithili ya mbuzi anayekokotwa kwenda mnadani. Ikanilazimu nimshike kwa mkono mmoja huku nikivuta kwa mwingine, na bahasha nikaizuia kwa kiwiko. Hapo ndipo nilipokipindua kile kifaa chetu cheusi cha ofisini, kibaya cha sura, ambacho nilikuwa nimekidharau miaka yote, nikasikia mchanga ukichuruzika tumboni mwake. Kumbe siri yake nzima ni uzito. Kimejazwa mchanga na kuvishwa mpira chini ili mtu avute kwa mkono mmoja na kukata kwa mkono huohuo, huku mkono wa pili ukiwa huru kushika kinachofungwa. Aliyembuni konokono alikuwa ameyaangalia macho ya mnunuzi, wala hakuuangalia mkono wake. Konokono sasa anakaa dirishani jikoni, anatabasamu, na watoto wanampenda.

Kwa upande wa tepu, hata hivyo, iko hadithi inayonifurahisha kuliko zote, nayo haikuanzia kwa mbunifu. Katika mji wa Kurashiki, mkoani Okayama, kuna kampuni inayoitwa Kamoi Kakoshi iliyoanzishwa mwaka 1923 ili kutengeneza karatasi za kunasia nzi. Ukishajua kupaka gundi kwenye karatasi ndefu, nzi si mteja wa pekee. Baada ya muda kampuni ikageukia tepu ya karatasi, ile ambayo mafundi rangi huibandika kwenye fremu za madirisha na kwenye taa za magari ili rangi isivuke mpaka, kisha huibandua bila kuacha alama. Mwaka 2006 wanawake watatu waliomba kuruhusiwa kukitembelea kiwanda. Hawakuwa mafundi rangi. Walikuwa wakiitumia tepu hiyo kupamba barua, kufunga zawadi na kutengeneza vijitabu, na walikuwa wamekwisha kuchapisha kijitabu chao wenyewe kuihusu. Nawaza jinsi watu wa kiwandani, waliozoea wateja wa gereji na wa majengo, walivyotazamana. Lakini walifungua mlango, na kutokana na ziara ile zikazaliwa tepu za rangi na michoro zilizoingia sokoni kwa jina la mt, ambazo leo watu wa nchi nyingi huziita tepu za washi, kwa jina la karatasi ya Kijapani.

Ninazo roli nne. Kinachonivutia ni kwamba tepu hizi hazikubadilishwa tabia yake ya kigereji hata kidogo. Hukatika kwa vidole bila mkasi, na ukingo wake uliochanika hubaki na nyuzinyuzi nyororo kama ukingo wa andazi lililomegwa. Wino wa kalamu hukaa juu yake, ilhali juu ya selotepu huteleza na kukuchafua kidole. Zaidi ya yote, hubanduka. Gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, maana fundi rangi akikuta tepu imeondoka na rangi ya zamani atakuwa amejitafutia kazi mpya, na udhaifu uleule ndio unaomruhusu mtu asiye na uhakika, kama mimi, kubandika kipande cha tepu ya michungwa kwenye ukurasa wa daftari, kukitazama, kukibandua, na kukihamishia pembeni kidogo. Mimi hutumia rangi ya manjano kwa stakabadhi zinazosubiri saini na ya bluu kwa zilizokwisha kuhakikiwa. Bosi alidhani ni mapambo hadi siku wakaguzi walipokuja na faili likapatikana kwa dakika mbili.

Raba zenye umbo la sushi, matunda na wanyama, zinazotengenezwa na kampuni ya Iwako katika mji wa Yashio, nimezinunua pia, na ninakiri kwamba sijawahi kufutia hata moja. Hufunguka vipandevipande na kuungwa tena, na hapo ndipo raha yake ilipo. Ni wanasesere waliofichwa ndani ya mkebe ambao mwalimu hawezi kuwanyang'anya kwa kuwa ni vifaa vya shule. Sina ugomvi nazo.

Nje ya Japani, mtu ambaye kazi zake ningependa kuwa nazo mezani ni Enzo Mari wa Milano, aliyefariki mwaka 2020. Alikuwa mtu mkali, mkomunisti, mwenye kuwasema hadharani wabunifu wenzake kwa kutengeneza vitu ambavyo ulimwengu hauvihitaji, na bado ndiye aliyekata mbao moja kwa mstari mmoja usiokatika akapata wanyama 16 wanaopangana kama fumbo, mwaka 1957. Miaka kumi baadaye, kwa kampuni ya Danese, alitoa kalenda ya mezani iitwayo Timor. Wazo lake linatokana na reli. Wasomaji waliokulia kando ya Reli ya Kati wanaukumbuka ule mkono wa ishara uliokuwa ukipanda na kushuka juu ya mlingoti kumwambia dereva wa treni apite au asimame. Timor ni vibao vyembamba vya plastiki, vya siku, vya tarehe na vya miezi, vilivyotobolewa na kushikwa na kipini kimoja. Kila asubuhi unaviinua na kuvigeuza hadi kibao cha leo kiwe mbele, na vingine hutawanyika nyuma yake kama upepeo. Haina betri, na mwaka ukiisha hutupi kitu, maana vibao vyake vinatumika mwaka wowote.

Kuna watakaosema kwamba simu inaonyesha tarehe bila mtu kuinua kidole. Ni kweli, na pia ndiyo maana huwa ninaiuliza simu tarehe mara sita kwa siku bila kuikumbuka. Kalenda inayokudai uigeuze kwa mkono inakufanya uipokee siku, kama karani wa mapokezi anayeandika jina la mgeni kitabuni. Mari angeweza kuchora kengele, jogoo au jua linalocheka. Badala yake alichukua tendo lenyewe la kubadilisha tarehe, ambalo katika kalenda nyingine ni kuchana karatasi na kuitupa, akalifanya liwe mchezo mdogo wa vidole usiochosha. Sina kalenda hiyo. Bei yake ni ya watu wengine. Mdogo wangu ameahidi, na ahadi zake huzaa matunda baada ya miaka mitatu au minne.

Kwa hiyo nimejiwekea desturi ninapoingia dukani, hasa siku za mshahara. Nikikuta kitu cha mezani kinachonichekesha ninakishika na kukifanyisha kazi yake palepale: ninavuta, ninabana, ninafuta kwenye kipande cha karatasi nilichokuja nacho mkobani. Wauzaji wa Kariakoo wamenizoea. Kijana mmoja aliwahi kunitazama nikiijaribu stepla yenye umbo la kiboko kwa karatasi tano, kisha kumi, kisha kumi na tano, hadi taya la kiboko likakwama, akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo ni ya kuweka mezani, siyo ya kubania." Nilimshukuru kwa ukweli wake, nikanunua bunda la karatasi kwake.

Kadokeshi niliitumia mwaka mzima. Kona yake ilikuwa ikiingia kati ya tarakimu mbili za safu moja na kutoka na ile iliyokosewa peke yake, na kona moja ilipolainika niligeuza kidogo tu nikapata nyingine. Mwezi uliopita binti yangu, ambaye sasa naye yuko darasa la tatu, aliiomba aende nayo shuleni siku moja. Nilisita, kisha nikampa. Aliporudi jioni nilimuuliza kama raba iko salama, akaitoa mkebeni na kuniwekea kiganjani huku akinihesabia: kona mbili amempa jirani yake wa dawati, moja aliyekaa nyuma yake, tatu ameuza kwa karanga, na hii hapa, mama, hii nimewaambia wote ni yako.