Aliyeitwa Mzushi ni Paulo

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wa jumuiya.

Wiki hii tusome Matendo 24. Paulo yuko Kaisaria mbele ya liwali Feliki, ameshasomewa mashtaka. Jambo moja hakani, anajibu: "kwa Njia ile ambayo waiita uzushi, ndivyo ninavyomwabudu Mungu wa baba zetu." Mtume tunayemsoma kila mara kanisani alisimama kizimbani kama mzushi!

Hapa Bagamoyo ukitaja uzushi, mtu anaelewa umbea na maneno ya kutunga. Luka, mwandishi wa Matendo, aliandika hairesis, neno la Kigiriki linalotokana na kuchagua, na mwanzoni halikuwa tusi. Analitumia hilohilo kwa Masadukayo (5:17) na Mafarisayo (15:5), ila huko Biblia yetu inasema madhehebu. Baadaye Kanisa likalibakizia maana kali: kuchagua kipande cha imani na kutupa kingine. Wanaonunua vibua pale ufukweni wananielewa. Samaki wamepangwa mafungu. Ukianza kuchambua wakubwa uwaache wadogo, muuzaji anakushika mkono. Fungu linachukuliwa zima.

Ario, padre wa Aleksandria, alichagua hivyo. Alishika kwamba Mungu ni mmoja, na hapo hakukosea, lakini akafundisha kwamba Mwana kaumbwa. Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ukamkatalia, ndiyo maana kwenye Nasadiki, sala ya kukiri imani, tunasema "aliyezaliwa bila kuumbwa" (maneno ambayo wengi tunayapita mbio tupate kukaa). Lakini Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyeitetea Nikea, alifukuzwa mjini kwake mara tano. Wenye nguvu wa wakati ule walimwona yeye ndiye msumbufu.

Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kulitamka neno uzushi. Juzi jumuiyani kijana aliuliza: kama Yesu na Baba ni mmoja, pale Gethsemane alikuwa anamwomba nani? Hajamaliza, mtu akamkata: "Acha uzushi wako!" Kijana kimya, chai ikaletwa, tukahamia habari za michango. Mimi naona anayeuliza hajachagua kitu, bado analitaka fungu zima. Na hata mzushi wa kweli, Tito 3:10 inataka aonywe mara ya kwanza na ya pili kabla ya kukataliwa.

Alhamisi tunakutana tena, na swali lake liko palepale. Someni Marko 14:32-42 na Waebrania 5:7. Katekista ameahidi kuja, na kijana nimemwambia asikose.