Insha ya fasihi chuoni: utangulizi uandike mwisho

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepewa insha yake ya kwanza ya fasihi huwa anajua mengi kuliko anavyodhani, ila anayajua kwa mpangilio usiomfaa tena. Aliyetoka kidato cha sita Tanzania amezoea maswali ya kutaka hoja kadhaa kutoka kila kitabu: anaanza na fasili ya fasihi, anamwaga hoja zake, kila moja na mfano, halafu anafunga kwa kusema mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa. Aliyetoka sekondari ya Kenya ana ustadi wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani, alama nne. Mbinu hizo zina kazi yake kwenye mtihani wa taifa, ambako msahihishaji ana mwongozo na anatafuta pa kuweka tiki. Mhadhiri anasoma kwa swali jingine kabisa: huyu anadai nini kuhusu kazi hii, na ushahidi wake uko ukurasa gani?

Ndiyo maana kuanza na utangulizi hukwamisha wengi. Utamtangulizaje mgeni ambaye hujamjua? Kinachoanza ni swali, kisha kitabu, kisha hoja. Utangulizi unakuja nyuma kabisa.

Chukua swali la kawaida: "Jadili jinsi kesi ya mahakamani ilivyotumika kujenga dhamira ya haki katika Kusadikika." Riwaya hiyo ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, imefundishwa kwa miaka mingi kiasi kwamba kila mtu ana la kusema juu yake, na hapo ndipo mtego ulipo. Piga mstari chini ya maneno matatu. "Jadili" inataka upime pande zaidi ya moja; ukieleza tu umejibu swali la "fafanua". "Jinsi" inakutaka ueleze namna, yaani fani: muundo, usimulizi, mpangilio wa matukio. "Kesi ya mahakamani" ni mpaka. Mambo ya elimu, uongozi na tamaa yamo kitabuni, lakini yakiingia kwenye insha bila kupitia mlango wa mahakama yanakula maneno yako bure. Insha nyingi zinazopata alama za wastani hazina makosa ya ukweli. Zimejibu swali jirani.

Kitabu kisome mara mbili. Mara ya kwanza kisome moja kwa moja bila kuandika, uone kinakwendaje. Mara ya pili kisome ukiwa na swali mkononi na daftari lililogawanywa safu tatu: nambari ya ukurasa, maneno yenyewe kama yalivyo, na maneno hayo yanafanya nini. Safu ya tatu ndiyo insha. Ukiona safu mbili za mwanzo zimejaa na ya tatu imebaki nyeupe, bado hujaanza kazi, umenakili tu. Kwa insha ya maneno 1,500, dondoo 15 hadi 20 daftarini zinatosha. Zitakazoingia kwenye insha huenda zikawa 8 au 10.

Kuna wasiosoma kitabu chenyewe. Wana fotokopi ya sura tatu kutoka steshenari, au kitini cha mwaka juzi, au mwongozo uliokwisha kuchambua dhamira zote kwa vichwa vidogo. Mwongozo una faida yake ukishasoma, kwa kulinganisha. Ukiutanguliza, utaandika insha ileile ambayo nusu ya darasa wameiandika, na mhadhiri ataitambua kabla ya aya ya pili, mara nyingi kwa sababu makosa ya mwongozo nayo hunakiliwa. Programu za akili mnemba zina balaa lake: zinaweza kukutungia dondoo isiyomo kitabuni, ikiwa na nambari ya ukurasa juu. Dondoo yoyote ambayo hujaiona kwa macho yako kwenye kitabu, iache.

Sasa hoja kuu. "Katika Kusadikika mwandishi amezungumzia haki" si hoja, ni taarifa, na hakuna aliyesoma riwaya hiyo atakayebisha. Kipimo ni hicho: je, mtu makini aliyesoma kitabu hichohicho anaweza kukukatalia? Rudi kwenye safu ya tatu utafute jambo lisilokaa sawa. Karama, mhusika mkuu, ameshtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria. Anasimama mbele ya mfalme na madiwani, mshtaki wake ni waziri Majivuno, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita. Hebu tazama hapo: kosa lake ni kufundisha sheria, na kesi yenyewe inampa nafasi ya kuifundisha mbele ya wakubwa wa nchi, tena kwa siku kadhaa mfululizo. Hapo unapata hoja: "Kesi inayonuiwa kumnyamazisha Karama ndiyo inayompa jukwaa; kwa muundo huo riwaya inaonyesha kwamba haki huanza mtu anaporuhusiwa kusikilizwa, kabla hata ya hukumu." Hiyo mtu anaweza kuibishia, kwa hiyo ina kazi ya kufanya.

Hata pa kubishia unapaona mapema. Mwisho wa kesi unategemea nini: nguvu ya sheria, au hiari ya mfalme aliyekubali kuelewa? Ikiwa ni hiari ya mfalme, basi nchi ya Kusadikika bado haina sheria, ina mfalme aliyekuwa msikivu siku hiyo. Pingamizi kama hilo usilifiche. Lipe aya nzima kabla ya hitimisho, ulijibu au ukiri limepunguza dai lako kwa kiasi gani. "Jadili" inaomba hasa hilo.

Kwa maneno 1,500, mpango unaofanya kazi ni utangulizi wa maneno kama 130, aya 6 au 7 za maneno 170 hadi 190 kila moja, na hitimisho lisilozidi 100. Kabla ya kuandika aya zenyewe, andika sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi moja, uzisome mfululizo. Zikisomeka kama mtu anayejenga jambo moja, endelea. Ukiweza kuzipangua na kuzipanga upya bila chochote kuharibika, hiyo bado ni orodha ya hoja, ule mtindo wa kidato cha sita umerudi. Dalili yake ni aya zinazoanza na "Pia", "Vilevile", "Hoja nyingine ni". Aya inayotegemea iliyotangulia huanza kwa namna nyingine: "Lakini marudio hayo yana gharama..."

Aya yenyewe ina sehemu nne, na inayorukwa ni ya tatu. Dai dogo, ushahidi, uchambuzi, kisha uzi wa kurudi kwenye hoja kuu. Wanafunzi wengi huweka dai, wanabandika dondoo ya mistari mitano, kisha wanasema "hii inaonyesha kwamba hakuna haki" na kuhamia aya nyingine. Dondoo haijisemei. Tuseme aya yako inahusu marudio ya habari za wajumbe. Dai: marudio yanafanya kazi ya ushahidi mahakamani. Ushahidi: kila mjumbe anatumwa, anasafiri kwa tabu, anarudi na jambo la kuifaa nchi, anaishia gerezani. Uchambuzi ni hapa: habari ya mjumbe wa kwanza, Buruhani, peke yake ingeweza kuitwa bahati mbaya. Ikifuatwa na ya Fadhili, msikilizaji anaanza kufananisha. Ikifika ya nne au ya tano, anaijua hukumu kabla haijatajwa, na kule kuijua ndiko kunakoishtaki serikali, kwa sababu dhuluma inayotabirika si ajali tena, ni utaratibu. Uzi: Karama hahitaji kutamka kwamba mahakama ni dhalimu, muundo wa utetezi wake unamwachia msikilizaji atamke. Uchambuzi umechukua zaidi ya nusu ya aya. Uwiano uwe huo: kwa kila mstari mmoja wa dondoo, angalau mistari miwili yako.

Kusimulia kisa ni ugonjwa mwingine. Mhadhiri amekisoma kitabu. Ukijikuta umeandika "baada ya hapo" au "ndipo alipo" mara mbili katika aya moja, umeacha kuchambua, unasimulia.

Nadharia huwatia watu hofu, na hofu hiyo huzaa kurasa mbili za historia ya umaksi au ufeministi, waasisi na mihimili, halafu nadharia haionekani tena mpaka hitimisho. Kama swali halikuitaka, huna ulazima nayo. Kama limeitaka, chagua mihimili miwili tu, ieleze kwa mistari mitano, kisha hakikisha inafanya kazi ndani ya aya: inakuonyesha kitu ambacho bila yenyewe usingekiona. Ukiweza kulifuta jina la nadharia kwenye aya na aya ikabaki vilevile, ilikuwa pambo.

Ushairi una mtego wake wa kitaalamu. Watu huhesabu mizani vibaya kwa kusahau kwamba "m" na "n" zinazojitegemea ni silabi: "mtu" ni mizani mbili, "nchi" ni mbili, lakini "mwana" ni mbili tu na "nyumba" ni mbili. Hesabu kwa kidole, ubeti mzima, kabla ya kuandika kwamba shairi lina mizani 16, yaani 8 kwa 8. Utenzi mara nyingi una mishororo minne ya mizani 8, vina vya mitatu ya mwanzo vikilingana na cha nne kikirudi ubeti hadi ubeti. Lakini kuhesabu ni mwanzo tu. Insha inaanza pale unapouliza kwa nini mshororo fulani umepungukiwa mizani, au kwa nini mshairi amekata neno kwa inkisari mahali ambapo neno zima lingetoa maana kali zaidi. "Ametumia tarbia, vina na mizani, takriri na tashbihi" ni kama kusema nyumba ina milango.

Wahakiki wasome baada ya kujaza daftari lako, la sivyo utasikia sauti yao tu. Makala za majarida mawili, "Kiswahili" na "Mulika", yanayotolewa na TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni pa kuanzia kwa fasihi ya Kiswahili, na jarida la Swahili Forum linasomeka bure mtandaoni. Makala mbili au tatu zinatosha kwa insha ya mwaka wa kwanza, mradi angalau moja uipinge au uiongezee kitu. Ukitumia wazo la mhakiki kwa maneno yako mwenyewe, bado mtaje. Kubadilisha maneno hakuondoi wizi wa kitaaluma.

Marejeo yaandike ukiwa bado na kitabu mkononi. Riwaya kongwe zina matoleo mengi na kurasa zake hazilingani, kwa hiyo rejelea toleo ulilolisoma, si lile la rafiki yako. Idara yako ikifuata mtindo wa marejeo wa APA, dondoo ya maneno 40 au zaidi huwekwa kama aya ya peke yake iliyoingizwa ndani, bila alama za kunukuu; fupi zaidi hubaki ndani ya sentensi. Tahajia ya mwandishi usiisahihishe hata kama inatofautiana na ya leo.

Sasa ndipo utangulizi unapoandikika, maana unajua unamtangulizia nani. Ruka "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha", ruka wasifu wa mwandishi na mahali alipozaliwa, isipokuwa kama hoja inavihitaji. Taja kazi, mwandishi na mwaka, taja tatizo uliloliona kwenye matini, toa hoja kuu, onyesha kwa sentensi moja utakapopitia. Kisha iache insha usiku mmoja. Asubuhi isome kwa sauti, na popote ulimi unapokwama, sentensi ikate mara mbili. Angalia upatanisho wa ngeli, hasa kwenye sentensi ndefu ambako kitenzi kimeachana na nomino yake kwa mistari miwili, kisha hesabu maneno: ukivuka kiwango, cha kwanza kukata ni dondoo ambazo hukuzichambua.